Goma hadi Kinshasa kwa njia ya Addis: kumbukumbu ya safari

Jumapili, Goma

Kazi yangu ni kuuza tiketi za ndege, na swali nililozoea kuulizwa na mteja hata kabla hajaketi ni hili: "Kinshasa ni saa ngapi?" Kwa miaka mingi jibu lilikuwa jepesi. Kwa jeti ni saa mbili na robo. Hali ya hewa ikichafuka, mbili na nusu. Aliyepanda Goma saa nne asubuhi alishuka N'djili, uwanja wa ndege wa Kinshasa, saa tano na robo kwa saa ya huko, kwa kuwa Kinshasa iko nyuma yetu saa moja, na chakula cha mchana alikila kwa ndugu zake.

Tangu mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, uwanja wetu umefungwa. Kavumu, ule wa Bukavu, nao ukafungwa Februari. Swali la wateja limebaki lilelile, ila jibu sasa linahitaji kiti, kalamu na karatasi. Kesho, Julai hii ya 2025, naondoka mwenyewe pamoja na mama mkubwa, dada wa kwanza wa mama yangu. Mjukuu wake anatolewa mahari Kinshasa Jumamosi, na bibi ameapa hatasimuliwa. Nimeamua kuandika kila hatua, ili anayetaka kujua safari hii inakula muda gani, na inaula wapi, apate pa kuanzia.

Umbali kwanza. Hesabu yake hata mtoto wa sekondari anaiweza. Goma iko karibu nyuzi 29 na robo mashariki. Kinshasa, kwa maana ya uwanja wa N'djili, nyuzi 15 na nusu. Kusini mwa ikweta sisi tuko nyuzi 1 na kitu, wao 4 na kitu. Ukiunganisha nukta hizo mbili juu ya mpira wa dunia unapata nyuzi 14 hivi, na kila uzi mmoja ni kilomita 111. Jibu ni karibu kilomita 1,560. Mbali na ikweta, rula juu ya ramani ya ukutani hudanganya, ndiyo maana ndege ya Ulaya kwenda Marekani huonekana inapinda kuelekea ncha ya kaskazini wakati iko kwenye njia fupi kuliko zote. Hapa kwetu, ikweta ikiwa jirani, rula na mpira wa dunia vinakubaliana.

Sasa njia ya leo. Kwa barabara hadi Kigali ni kilomita 155 hivi. Kigali hadi Addis Ababa, karibu 1,550. Nilipoipata namba hiyo niliirudia kuihesabu, maana ni kama ileile ya Goma hadi Kinshasa. Yaani kipande cha kwanza cha angani, kinachotupeleka kaskazini mashariki huku tuendako ni magharibi, peke yake kina urefu wa safari nzima ya zamani. Kisha Addis hadi Kinshasa, karibu 2,985. Jumlisha: inakaribia 4,700. Ni mara tatu kamili, kwa mtu asiyetoka nchi yake kwenda nchi ya mtu, bali anakwenda mji mkuu wake.

Wateja huniuliza kwa nini wasiruke moja kwa moja kutoka Kigali, kilomita 1,650 tu. Sababu ni kwamba Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilifunga anga ya Kongo kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda au zenye makao huko. Lazima upite nchi ya tatu: Ethiopia, Kenya au Uganda. Na njia ya chini isahau. Mto unabeba meli kati ya Kisangani na Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 za maji, lakini kufika Kisangani kwenyewe ni habari nyingine.

Jioni nimepita kando ya uwanja. Umekaa katikati ya mji, mtaa wa Birere upande mmoja, na ndege zilikuwa zinashuka chini sana juu ya mabati hivi kwamba mazungumzo yalikatika hadi zipite. Uwanja huu umebeba mengi. Mwaka 1994 ndege za misaada zilishuka hapa mchana na usiku kwa ajili ya wakimbizi waliomwagika kutoka Rwanda. Januari 2002 volkano yetu, Nyiragongo, ilipasuka, lava ikateremka hadi kwenye njia ya kurukia na kuifunika upande wa kaskazini, karibu theluthi nzima, na kwa miaka ndege zikaruka kwenye kipande kilichobaki. Tuko mita 1,550 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, bawa linashika kidogo, injini inavuta kidogo, na ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Njia fupi juu ya mlima maana yake unapunguza mafuta au mzigo. Aprili 2008 ndege moja ilishindwa kuruka ikaingia Birere, sokoni, kwenye watu. Novemba 2019 nyingine ndogo ikaangukia nyumba za Mapendo. Mei 2021 volkano ikaja tena, lava ikasimama karibu kabisa na uwanja. Baada ya yote hayo uwanja ulifunguliwa tena, kila mara. Ndiyo maana kimya cha sasa kinanisumbua kuliko kelele zile.

Mama mkubwa amefunga mzigo wake. Fromaji, yaani jibini, mbili nzima za Masisi, duara, rangi ya siagi, na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu, waliokaushwa. Nilimkuta anazivingirisha kwenye gazeti, halafu kitenge, halafu anakaza kwa kamba ya mgomba. Mfuko wa plastiki hakuugusa. Mtu wa Goma anajua: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na pale mpakani wanaifungua valizi yako na kuivua moja moja.

Jumatatu, Goma hadi Kigali

Tumetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwa taksi. Nimeiandika saa hiyo kwa sababu nataka kuhesabu safari kutoka mlangoni. Tiketi huhesabu kuanzia ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa, na hayo yote ya kabla na baada hayamo. Kwa safari ya zamani kosa hilo lilikuwa dogo. Kwa hii, karibu safari yote iko nje ya tiketi.

Grande Barrière, kivuko cha mpaka wa Rwanda, asubuhi ina mistari miwili: wa wenye pasipoti na wa wenye karatasi za jirani. Wengi wanavuka kwenda tu kutoa pesa upande wa pili, kwa kuwa benki za Goma zimefungwa tangu Januari. Dola zetu za karatasi zimechoka. Yenye mpasuko wa milimita mbili hakuna anayeipokea, nawe unabaki nayo kama picha. Niliwahi Ijumaa kubadilisha zetu, na ninamshauri kila msafiri afanye hivyo kabla ya siku ya kuondoka.

Afisa alimuuliza mama mkubwa anakwenda wapi.

"Kinshasa, baba."

"Kinshasa iko huko nyuma yako, mama," alisema, akionyesha kwa kidole upande tuliotoka. Hakumaanisha ubaya. Aligonga muhuri, akamsaidia kunyanyua mfuko wake. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano waliitazama pia. Bila kadi hiyo usijaribu.

Basi la saa mbili kutoka Gisenyi, mji wa upande wa pili wa mpaka, lilijaa watu wetu, wengi wao na valizi kubwa, wote macho kwenye saa. Barabara ya Kigali ni nzuri, lami tupu, lakini ni ya milima: inapanda, inazunguka, inashuka, inapanda tena. Kushoto volkano zinakusindikiza hadi Musanze, na siku hiyo Karisimbi ilikuwa wazi hadi kileleni. Magari ya abiria Rwanda yana kifaa kinachozuia kupita kilomita 60 kwa saa, na kwenye kona hata hizo 60 huzioni. Kwa hiyo kilomita 155 zilituchukua saa nne kasoro, tukaingia Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali, karibu saa sita. Ndani ya muda huo jeti ya zamani ingekuwa imefika Kinshasa, imeshusha watu na kupakia wengine.

Mchana na usiku tumekaa kwa binamu, mtaa wa Nyamirambo. Pale Kiswahili kinasikika mtaani tangu zamani, na mama mkubwa alipata wa kuzungumza naye kibarazani hadi giza. Ningeweza kupanga tuunganishe ndege siku hiyohiyo. Wapo wanaofanya hivyo. Mimi siuzi tiketi ya aina hiyo kwa mtu anayetoka Goma. Mpaka unaweza kukufanya usubiri, basi linaweza kukosa nafasi, na ndege haimngojei aliyekwama Musanze. Usiku mmoja Kigali ni sehemu ya bei ya safari, uuhesabu hivyo tangu mwanzo.

Jumanne, Kigali hadi Addis Ababa

Kabla ya kuingia uwanja wa Kanombe, wote mnashuka garini, mizigo inapangwa chini kwa mstari, na mbwa anapita akinusa. Mbwa alifika kwenye kitenge cha mama mkubwa, akasimama. Akanusa tena. Yule aliyemshika kamba akatabasamu, akauliza ni nini. "Fromaji ya Masisi, mwanangu." Akamvuta mbwa wake, naye mbwa hakutaka kuondoka.

Fromaji tulizitia kwenye mzigo wa chini, kwa sababu kwenye mashine ya kabini kitu kizito cha duara kilichofungwa kwa kamba kingeleta maswali. Vibandiko vya valizi nilivisoma herufi kwa herufi: FIH, yaani Kinshasa, siyo ADD. Hili ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mteja. Mzigo ukiandikwa ADD utashuka Addis na kukusubiri huko wewe ukiwa umeshaondoka.

Tuliruka saa tisa alasiri. Mama mkubwa alikaa dirishani. Ndege ilielekea kaskazini mashariki, na baada ya dakika chache tu alinigusa mkono: jua lilikuwa nyuma yetu upande wa kushoto. Mtu aliyelima maisha yake yote hahitaji dira.

"Mbona jua tunaliacha?"

Nikamweleza kwa kuchora kwenye mfuko wa karatasi uliokuwa mbele ya kiti. Hapa Goma, hapa Kinshasa, hapa Addis. Alitazama pembetatu ile muda mrefu, akaikunja, akaitia kwenye pochi yake.

Mstari ulionyooka kutoka Kigali hadi Addis unapita juu ya Uganda, si mbali na Kampala, kisha unaacha Ziwa Turkana upande wa kulia na kuingia milima ya Ethiopia. Kilomita 1,550 hizi zilichukua saa mbili na dakika ishirini na tano. Mtu anayegawanya umbali kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa atapata saa moja na dakika hamsini, kisha atadhani rubani alichelewa. Ndege haifiki mwendo huo mara inaponyanyuka. Inapanda kwa dakika ishirini na zaidi, inashuka kwa muda kama huo au kuuzidi, inazunguka kidogo kupanga foleni ya kutua, na kabla ya yote hayo inatembea chini kutoka maegeshoni. Kwa safari fupi, vipande hivyo vya pole pole ndivyo vinavyotawala hesabu. Ukitaka makisio ya haraka, chukua muda wa kugawanya kisha ongeza nusu saa, hutakosea sana.

Bole, uwanja wa Addis, iko juu kuliko Goma, zaidi ya mita 2,300. Tulishuka saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano jioni kwa saa ya Ethiopia, ambayo iko mbele yetu saa moja. Julai huko ni mvua kubwa. Mama mkubwa alivaa sweta mbili, akajifunga na kitenge cha tatu juu. Niliomba kiti cha magurudumu tangu siku ya kununua tiketi, nacho kilikuwa mlangoni mwa ndege na kijana wa kukisukuma. Usione haya kuomba kwa ajili ya mzazi. Ni bure, na kwenye kiwanja kikubwa kama kile ndiyo tofauti kati ya kufika na kuachwa.

Aliyekuwa anamsukuma alimwonyesha saa ya ukutani, kisha akamwonyesha vidole vyake akihesabu kuanzia alfajiri, kama sisi tunavyohesabu. Hawakuwa na lugha ya pamoja, lakini juu ya saa walielewana.

Ndege ya Kinshasa inaondoka asubuhi, kwa hiyo kampuni ya ndege ilitupa hoteli. Hapa pia neno kwa msafiri: hoteli hiyo hutolewa kama huna ndege ya karibu zaidi ya kuunganisha, na ni vizuri iandikwe wakati wa kununua tiketi, usiache hadi unafika kwenye dirisha saa mbili usiku. Chakula kilikuwa injera na shiro. Mama mkubwa alikula vizuri, akauliza unga wake ni wa nini, akaniomba nimkumbushe jina: tefu. Alipojifunika blanketi alisema, "Kwa hiyo nimelala Ethiopia ili nifike Kinshasa." Sikupata la kumjibu. Nilikaa muda nikifikiria watu wa Goma waliolala katika vitanda vile tangu Februari, kila mmoja akiwa ameambiwa na mtu kama mimi kwamba ndiyo njia.

Jumatano, Addis Ababa hadi Kinshasa

Tuliruka saa tatu asubuhi. Hii ilikuwa ndege kubwa, yenye skrini kwenye kila kiti, na mimi niliiweka kwenye ramani tangu mwanzo. Wengine walitazama filamu. Kwangu hakuna filamu inayoishinda ile ndege ndogo nyeupe inayotambaa juu ya nchi.

Njia fupi kutoka Addis inakata Sudan Kusini, kisha inaingia Kongo kwa kona ya kaskazini mashariki. Tulipovuka mpaka nilimwambia mama mkubwa: "Sasa tuko kwetu." Aliinama dirishani. Wakati huo wa mwaka mawingu ya mvua yamekaa kaskazini mwa ikweta, na chini kulikuwa na minara ya mawingu meupe. Rubani alikuwa anapinda kidogo kushoto, kidogo kulia, kuikwepa. Ni kawaida ya ukanda huu, nayo huongeza dakika. Katikati ya minara msitu ulionekana, kijani iliyokolea hadi kukaribia weusi, na mito ya kahawia ikijikunja ndani yake.

Kutoka mpaka ule hadi N'djili ni zaidi ya kilomita 1,800 juu ya nchi moja, Kongo tupu. Yaani ni ndefu kuliko Goma hadi Kinshasa. Kwenye skrini jina la Kisangani lilipita kushoto kwetu, na chini yake, pembeni kabisa, ramani ilionyesha Goma. Kuna wakati tulikuwa kilomita mia tano na kitu tu kaskazini mwa nyumba tuliyoiacha Jumatatu. Mama mkubwa aliweka kidole juu ya jina hilo. Skrini ikadhani anataka kitu, ikaivuta ramani karibu, Goma ikawa kubwa, na ziwa, na mlima. Aliiacha hivyo hadi mhudumu alipoleta chai.

Nimeuza njia hii mezani miezi mingi bila kuiona. Kwenye kompyuta ni mistari miwili: KGL ADD, ADD FIH, saa na bei. Sikujua kwamba mtu analazimika kupita juu ya nchi yake yote, upande hadi upande, bila kuruhusiwa kuigusa pale anapotoka. Hilo mteja hawezi kuambiwa kwa karatasi.

Saa nne na dakika kumi, kilomita 2,985 na kona za mawingu. N'djili ina njia ya kurukia ya mita 4,700, nayo iko mita 313 tu juu ya bahari. Ndege iligusa chini mapema na kuachwa ikimbie taratibu, kitu ambacho Goma hatukukijua. Tulishuka saa tano na dakika kumi kwa saa ya Kinshasa. Kwa saa ya mwili ilikuwa saa sita na dakika kumi, kwa saa ya Addis saa saba na dakika kumi. Katika siku mbili saa yangu ya mkononi nimeisogeza mbele mara moja na kuirudisha nyuma saa mbili.

Kisha likaja jambo nililolijua kwa kusikia. Anayetoka Goma kwa ndege ya zamani alishukia kwa wasafiri wa ndani, akachukua valizi na kutoka. Sisi tulishukia kwa wageni kutoka nje, na foleni ya pasipoti.

"Unatoka nchi gani, mama?"

"Goma."

"Ndege yako imetoka Addis."

"Ndege imetoka Addis. Mimi nimetoka Goma."

Afisa alifungua kurasa, akaona Rwanda, akaona Ethiopia. Akaniuliza mimi maswali machache, tunakaa kwa nani, kwa muda gani, akagonga muhuri wa kuingia. Muhuri wa kuingia Kongo, juu ya pasipoti ya Kongo, ya mwanamke ambaye hajawahi kuwa na nchi nyingine. Alipiga hatua mbili, akasimama kupumua, tukaendelea.

Mizigo ilifika yote. Tulikuwa nje saa saba. Binamu yangu alitupokea, na kutoka pale hadi kwake, mtaa wa Bandalungwa, si zaidi ya kilomita 25. Wanaoijua Boulevard Lumumba wanajua kinachofuata. Masina, Kingasani, malori, mabasi ya njano, watu wanaovuka na vikapu vya mkate kichwani, wewa wanaopenya na pikipiki kati ya vioo viwili. Tulisimama mbele ya mnara wa Limete hadi nikausoma kila upande. Tuliingia uani saa kumi. Kilomita 25 zile zimetuchukua saa tatu kamili, muda mrefu kuliko jeti iliyokuwa inatutoa Goma.

Hesabu ya mlango hadi mlango: Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Goma, hadi Jumatano saa kumi alasiri Kinshasa, ambayo kwetu ni saa kumi na moja. Ni saa 59. Kati ya hizo, angani tulikuwa saa sita na dakika thelathini na tano. Nimeipeleka namba hiyo kwa mwenzangu wa biro jioni hii hii, aiandike kwenye ubao badala ya ile ya tiketi.

Alhamisi, Kinshasa

Fromaji moja imetoa mafuta kidogo pembeni, nyingine imefika kama ilivyotoka. Mama mkubwa aliikata mwenyewe, kipande kwa kila nyumba ya ukoo, na ya pili ameificha kwa ajili ya Jumamosi. Julai hapa ni kiangazi, anga ya kijivu na ubaridi wa asubuhi ambao wenyeji wanaulalamikia. Sisi tunauona kama nyumbani.

Mchana nimekaa na suala la kurudi. Kuna njia ya Entebbe: Kinshasa hadi Entebbe ni karibu kilomita 1,950 angani, saa tatu kasoro kidogo, kisha barabara ya Kampala, Kisoro, Bunagana, Rutshuru, Goma. Angani inaokoa zaidi ya kilomita 2,500. Lakini barabara yake inapita kilomita 500, mchana mzima ndani ya basi na mpaka juu yake, na kutoka Bunagana kuna vizuizi ambavyo siwezi kumwahidi mtu mzima atavipita kwa saa ngapi. Kwa kijana mwenye begi moja ningeiuza. Nilimweleza mama mkubwa njia zote mbili, kwa kuchora tena, nyuma ya karatasi ileile ya ndege aliyoitoa kwenye pochi.

Alichagua Addis. Alisema magoti yake yanakijua kitanda kile, na kwamba safari hii ataomba blanketi la pili mapema. Nimempigia mwenzangu Goma aweke jina letu Jumatano ya wiki ijayo, aandike ombi la hoteli na la kiti cha magurudumu, na atafute ndege ya asubuhi kuingia Kigali, ili tusifike mpakani usiku.